Zilipendwa

Neno hili, jina letu la nyimbo za zamani, ni kitenzi kilichogeuka nomino: zi- ya nyimbo, -li- ya wakati uliopita, kisha -pendwa. Wakenya huongeza -zo-, wakasema zilizopendwa, kisarufi wametushinda. Sisi Dar tumebaki na sentensi nzima, kama hukumu. Huko Temeke neno limeshaota mbawa: simu ya vitufe ni zilipendwa, hata mpenzi wa zamani.

Ila hiyo -li- inanikera. Muhidin Gurumo, aliyeimba katika bendi ya NUTA Jazz tangu 1964 na kuwa mmoja wa waasisi wa bendi ya Mlimani Park 1978, alifariki 2014. Daladala ya Mbagala bado inampiga, na konda anaitikia kiitikio chote huku akidai nauli. Ndugu mtangazaji wa redio, ukifika kwa Gurumo, sema zinapendwa.