Adabu ya Baraza: Walioalikwa na Walioachwa katika Makongamano ya Fasihi ya Afrika

1.0 Utangulizi

Suala la adabu katika makongamano ya kitaaluma huzungumzwa zaidi wakati wa mapumziko ya chai kuliko ukumbini. Huko ndiko tunakosikia habari za mwanafunzi wa uzamili aliyepewa dakika tano ilhali waliomtangulia walipewa ishirini, za mhadhiri wa kike aliyekatizwa kauli kabla ya kuifikia hoja yake, au za swali lililoulizwa si kwa nia ya kujua bali kwa nia ya kuaibisha. Malalamiko haya ni ya haki. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba utovu wa adabu unaoonekana ukumbini aghalabu ni tawi tu. Shina lake huwa limekwisha kupandwa siku orodha ya waalikwa ilipoandikwa na lugha ya kikao ilipoteuliwa. Tutalichunguza dai hili kwa kurejelea historia ya makongamano ya fasihi ya Kiafrika tangu mwaka 1962, kisha tuitazame desturi ya Waswahili ya kujibizana, ambayo sisi wahakiki tumeisoma sana kama matini na kuifuata kidogo mno kama mwenendo.

2.0 Makerere, 1962

Mnamo Juni 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru, waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, mjini Kampala. Kutoka Nigeria walifika Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark, kutoka Afrika Kusini, Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane, kutoka Marekani, mshairi Langston Hughes. Miongoni mwa Waafrika Mashariki walikuwamo Grace Ogot, Rebeka Njau na mwanafunzi mmoja wa Makerere, James Ngugi, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o.

Kwa kipimo cha adabu za ukumbini, hilo lilikuwa kongamano la kupigiwa mfano. Grace Ogot aliisoma hadithi yake mbele ya hadhira hiyo. Ngugi, kijana ambaye sifa yake yote ilikuwa hadithi fupi chache zilizochapishwa magazetini, alithubutu kumkabidhi Achebe mswada wa riwaya yake, na Achebe akaupokea. Mswada huo ulichapishwa mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child. Ni makongamano mangapi ya leo ambamo mwanafunzi anaweza kumwendea mwandishi mashuhuri na mswada mkononi, asipuuzwe?

Walakini, kongamano hilo liliitwa rasmi kongamano la waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Kwa jina hilo, Shaaban Robert hakustahili kualikwa, ingawa kufikia wakati huo alikuwa ameshaandika Kusadikika na Adili na Nduguze, achilia mbali mashairi na insha zake. Wala hakustahili D. O. Fagunwa, aliyekuwa amechapisha riwaya kwa Kiyoruba tangu mwaka 1938. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulionyesha jambo hili katika Decolonising the Mind (1986): mwanafunzi mwenye hadithi mbili tatu za Kiingereza alikaribishwa, na watunzi wenye maktaba nzima katika lugha zao wakaachwa. Kinaya kinazidi tukikumbuka kwamba katika miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere hapo hapo. Kiswahili kilikuwa kimepewa ofisi ya kuandalia kamusi, lakini si kiti katika baraza la waandishi. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962.

Ni muhimu tusimame hapa. Hakuna aliyemtukana Shaaban Robert kule Makerere. Hakuna aliyemkatiza kauli, kwa kuwa hakuwapo wa kukatizwa. Yamkini mtetezi wa waandalizi atasema kwamba kila mkutano una mipaka yake, na kwamba si kosa waandishi wa Kiingereza kukutana peke yao. Hoja hii ina uzito. Tatizo ni kwamba kikao hicho hakikuishia kujadili uandishi wa Kiingereza. Kilijaribu pia kufafanua fasihi ya Kiafrika ni nini, jaribio ambalo Achebe alikiri baadaye kuwa halikufaulu. Mwenye nyumba ana haki ya kuchagua wageni wake. Hana haki ya kugawa urithi wa ukoo ilhali nusu ya ukoo iko nje ya mlango.

3.0 Jibu la walioachwa

Jibu kali zaidi lilitoka kwa Obi Wali mnamo Septemba 1963, katika jarida la Transition, lililokuwa likichapishwa Kampala. Wali alidai kwamba fasihi ya Kiafrika inayoshikilia lugha za Ulaya inaelekea mahali pasipo na njia ya kutokea. Waliojibu walijibu kwa ukali vilevile, Mphahlele akiwa mmojawapo. Kwa mintarafu ya mada yetu, funzo ni kwamba ukali wa hoja si utovu wa adabu. Wali hakumvunjia mtu heshima. Aliuliza swali ambalo orodha ya waalikwa ilikuwa imelifungia nje, na jarida likampa ukurasa. Wanaodhani kwamba kongamano lenye heshima ni lile ambalo kila mtu anamsifu mwenzake wanachanganya adabu na uoga.

Hatua nyingine ilipigwa Nairobi. Mwaka 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe kitovuni. Mjadala huo ulitoka chuoni ukawafikia walimu: mnamo Septemba 1974, takribani wajumbe 200, wengi wao walimu wa shule za sekondari, walikutana katika shule ya Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Safari hii aliyeijua dhiki ya darasa la kidato cha tatu aliketi na profesa kama mjumbe, na fasihi simulizi ikatetewa kama msingi wa somo lenyewe. Hata hivyo, mlango haukuwa umefunguka wote. Makala ya kongamano hilo, yaliyochapishwa mwaka 1978 chini ya uhariri wa Eddah Gachukia na S. Kichamu Akivaga, yalitoka kwa Kiingereza. Wasimulizi wenyewe waliendelea kuzungumziwa.

4.0 Majibizano ya watunzi

Je, desturi yetu inatufundisha nini? Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uhasama uliofikia kilele chake katika vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi. Maneno yao yalichoma. Lakini kanuni ya kujibizana humtaka anayejibu alichukue shairi la mwenzake, ayafuate mafumbo yake na aghalabu bahari na vina vyake, ndipo ayageuze yamrudie. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake ikiwa hukumsikiliza. Kanuni hiyo ya sanaa ni kanuni ya heshima pia: hasimu lazima kwanza aeleweke.

Tusiitukuze desturi hiyo kupita kiasi. Baraza la Waswahili lilikuwa la wanaume. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulielekezwa kwa binti yake, na sauti yake ni ya nyumbani. Aidha, urithi wa Muyaka tumeupata kwa hifadhi ya Mwalimu Sikujua Abdallah wa Mombasa, aliyemsaidia mmishonari W. E. Taylor kuyakusanya na kuyafafanua mashairi hayo katika karne ya 19. Diwani ilipochapishwa mwaka 1940, jina la mhariri lilikuwa la William Hichens. Aliyejua alikuwa chanzo; aliyechapisha akawa mtaalamu.

Mgawanyo huo bado uko nasi, na mwandishi wa makala haya ameshiriki katika kuuendeleza. Miaka kadhaa iliyopita, katika kongamano ambalo halina haja ya kutajwa, nilikuwa mwenyekiti wa kikao kuhusu ushairi wa mapokeo. Malenga mmoja mzee alikuwa ameletwa kutoka pwani ili aghani asubuhi wakati wa ufunguzi. Alighani, akapigiwa makofi, akapigwa picha. Mchana wasomi wanne walijadili bahari alizozitumia, naye ameketi safu ya nyuma. Aliponyoosha mkono, nilikuwa nimekwisha kugonga kengele, ratiba ilinibana. Baadaye, tukila, aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, wale waliokuwa wakizungumza juu ya vina vyangu, hapana hata mmoja aliyetaka kuniuliza?" Sikuwa na jibu. Shaaban Robert hakualikwa. Mzee huyu alialikwa, akaachwa ndani ya ukumbi.

5.0 Hitimisho

Mnamo Januari 2000, waandishi na wasomi walikutana Asmara, Eritrea, katika kongamano lililohusu lugha na fasihi za Kiafrika. Azimio la Asmara lilisisitiza wajibu wa lugha hizo wa kuzungumza kwa niaba ya bara lao. Zaidi ya hayo, lilikiri kwamba lugha za Kiafrika, kama lugha zote, zina upendeleo wa kijinsia ambao sharti uondolewe. Ungamo hili ndilo linalolipa azimio hilo heshima yake. Waliokuwa wameachwa nje kwa muda mrefu, walipopata ukumbi wao, walikumbuka kuuliza ni nani waliyemwacha wao.

Mapendekezo yetu basi ni machache. Kamati ya maandalizi iisome orodha ya waalikwa kama tunavyosoma matini, ikiuliza nani hayumo na kwa nini. Mtunzi anayealikwa aghani apewe kiti katika kikao kinachomjadili, na katika lugha anayoimudu. Mwenyekiti agawe dakika kwa usawa, na swali la kwanza aachiwe mwanafunzi. Na anayetaka kupinga, kabla ya kupinga, aieleze hoja ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe ataikubali. Hivyo ndivyo watunzi wetu walivyofanya hata wakati wa vita. Kengele niliyoigonga siku ile siwezi kuirudisha nyuma. Katika kikao kijacho cha idara yetu ninaweza, angalau, kuanza na safu ya nyuma.