Mwalimu wa Fasihi kutoka Kisiwani

Katika zama ambazo Tarime, Serengeti na kisiwa cha Ukerewe vilikuwa chini ya Jimbo moja la Ziwa, alizaliwa kisiwani humo, huko Namagondo, mwaka 1944, Euphrase Kezilahabi, ambaye baadaye alikuwa profesa wa fasihi na mwandishi asiyeogopa lawama. Alisoma katika seminari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 1971 akatoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ambayo kwa ujasiri wake wa kusema hadharani yale ambayo wazazi waliyasitiri, ilizuiliwa kwa muda kusomwa shuleni. Kwa maoni yangu, zuio lile liliwanyima mabinti kitabu kilichowahurumia kwa dhati.

Mwaka 1974 diwani yake Kichomi iliacha vina na mizani, na washairi wa kimapokeo wakaghadhibika. Hata hivyo mtu huyo huyo alikuwa akimtafiti Shaaban Robert, bingwa wa ushairi wa kimapokeo, kwa heshima ya mwanafunzi kwa ustadhi wake. Gamba la Nyoka, riwaya yake ya 1979, inasimulia jinsi vijiji vya ujamaa vilivyoanzishwa, habari ambayo wazee wa Tarime na wa Mugumu huko Serengeti, waliohamishiwa katika vijiji kama hivyo, hawahitaji kufafanuliwa.

Alipata shahada ya uzamivu huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, akaandika Nagona na Mzingile, riwaya fupi zilizojaa falsafa, kisha akafundisha Botswana miaka mingi. Alifariki dunia Januari 2020.