Bungua Hakusaini Mkataba

Wasee, stori ya GMO ikianza hapa Kenya huwa ni vita tu: huyu anasema sumu, yule anasema mkombozi. Mimi leo niko na mdudu, juu yeye ndiye hiyo mbegu ilitengenezewa na hakuna mtu humtaja.

Anaitwa Busseola fusca, bungua wa mashina. Ni Mwafrika asilia. Alikuwa hapa kabla mahindi yaletwe na meli, akijilia mtama na nyasi za pori. Afrika Kusini walianza kupanda mahindi ya Bt mwaka wa 1998, aina ya MON810, yenye jeni kutoka kwa bakteria wa udongoni. Mmea unajitengenezea protini ya Cry1Ab. Kiwavi akiuma, utumbo unatoboka, kwisha yeye.

Sasa, ukiua karibu wote, wachache waliopona ndio watazaa. Kwa hivyo mkulima aliambiwa aache kipande cha mahindi ya kawaida: asilimia 5 bila kupuliza dawa, ama 20 akipuliza. Nondo wa hapo wapandane na wale sugu, watoto wafe kwa Bt. Plani poa kwa karatasi. Lakini buda, nani hulisha wadudu kwa hiari? Miaka ya mwanzo wengi hawakukiacha.

Mwaka wa 2007 mtafiti Van Rensburg akaripoti kutoka eneo la Christiana: viwavi wanakula Bt na wako fiti. Lawama zikaangukia wakulima. Halafu 2013 utafiti wa jeni ukaonyesha kitu kingine kabisa: mtoto wa bungua akirithi usugu kwa mzazi mmoja tu, anapona. Yaani ile plani ilitegemea mdudu mwenye tabia tofauti, na hata mkulima mtiifu asingeokoka kirahisi. Hapo ndipo mimi hukasirika. Mbegu ya protini mbili ikaletwa kuchukua nafasi.

Bungua huyo huyo yuko Trans Nzoia. Majaribio ya mahindi ya Bt hapa kwetu yalitumia MON810 hiyo hiyo. Marufuku ya 2012 iliondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2022, kesi zikaenda kortini, na mtandaoni tukabishana kuhusu saratani wiki nzima. Hakuna aliyeuliza mama mwenye robo ekari kule Kisii atakata asilimia 20 ya nini, na jirani yake amepanda mpaka kwa ua.