Fizikia Mpya na Itikadi ya Dini

Fizikia mpya ni jina la jumla la elimu ya maumbile iliyozaliwa baina ya mwaka 1900, Max Planck wa Ujerumani alipobainisha kwamba nishati ya nuru hutolewa kwa mafungu madogo madogo wala si kwa mfululizo kama maji ya mto, na mwaka 1927, Werner Heisenberg alipoonyesha kwamba mahali na mwendo wa chembe ndogo kama elektroni haviwezi kujulikana vyote viwili, kwa wakati mmoja, kwa usahihi kamili. Baina ya miaka hiyo Albert Einstein alileta nadharia ya uhusianifu, ile mahususi mwaka 1905 na ile ya jumla mwaka 1915, akafundisha kwamba wakati haupiti kwa kipimo kimoja kwa kila aupimaye, na kwamba uzito wa jua hupinda hata njia ya nuru.

Elimu hiyo iliwagusa watu wa dini kwa sababu fizikia ya kale, iliyosimama juu ya kanuni za Newton, iliufananisha ulimwengu na saa iliyokwisha kutiwa ufunguo, ambayo ajuaye hali yake ya leo angeweza kuhesabu hali yake ya milele. Na wako waliosema kwamba katika saa ya namna hiyo dua haina pa kuingilia. Saa ilipovunjika mikononi mwa wanafizikia wenyewe, wengine wakafanya haraka kusema kwamba sasa muujiza na kadari vimepata mlango. Haraka zote mbili zina kasoro, kama mifano ifuatayo inavyobainisha.

Njia mbili za kujua

Dini hupokewa kwa Maandiko na mapokeo, kwa isnadi na ijaza, mwanafunzi akimwamini mwalimu wake kwa kuwa mwalimu naye alimwamini wake. Fizikia haikubali taqlidi, yaani kufuata kauli ya mtu bila kudai ushahidi, na ushahidi wa jambo hili umo nchini Tanzania kwenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mkoani Tanga, alipokuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, alitia maziwa ya moto katika jokofu bila kungoja yapoe, kwa kuchelea kukosa nafasi, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza darasani alijibiwa kwamba ameona vibaya. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, alimwuliza swali lilelile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye hakulipuuza, bali aliagiza lijaribiwe maabarani. Na mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza. Hadi leo wataalamu hawajakubaliana juu ya sababu ya jambo lile, na wengine hushuku hata kuwapo kwake. Lakini kila anayebisha hana budi kubisha kwa maji na kipimajoto. Osborne huyo huyo alikuwa Mkristo, na baadaye aliandika kitabu cha mafumbo juu ya sayansi na imani, bila kuona kwamba moja ya elimu hizo humlazimu kuiacha nyingine.

Kivuli cha mwaka 1919

Nadharia ya Einstein ilipata ushahidi wake mashuhuri tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa lote, na Arthur Eddington wa Uingereza akaipiga picha nuru ya nyota zilizo kando ya jua kutoka kisiwa cha Príncipe, magharibi ya Afrika. Kivuli kilekile kilivuka Kongo, kikapita kusini ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, kikatoweka karibu na machweo upande wa kaskazini ya Msumbiji. Eddington alikuwa wa dhehebu la Marafiki, lile ambalo kwa upande wetu limeota mizizi Kaimosi nchini Kenya. Na ingawa alikuwa mtu wa ibada, alikataa wazi wazo la kuthibitisha itikadi za dini kwa hoja za fizikia. Katika Uislamu msimamo wa namna hiyo ni wa kale zaidi, kwani jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, na watu wakadhani limepatwa kwa msiba ule, Mtume aliwafunza kwamba jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mungu, wala havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Swala ya kupatwa ikabaki, dhana ikaondolewa.

Padri na mwanzo wa ulimwengu

Kurasini, kata ya Temeke iliyo kando ya bandari ya Dar es Salaam, ndiko yaliko makao ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Na ni katika Kanisa hilo Katoliki alimotoka mwasisi wa nadharia ambayo watu wengi huidhani imezuliwa na wakanushaji. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyepewa upadri mwaka 1923, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema kwamba ulianzia katika kitu kimoja kilichosongamana mno, jambo lililokuja kuitwa Mlipuko Mkuu. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 aliitaja elimu hiyo kana kwamba ni shahidi wa uumbaji. Lemaître hakupendezwa, kwa kuwa aliona kwamba nadharia ile husimama nje ya suala la dini, na kwamba anayetaka kumkana Mungu na anayetaka kumkiri wote wako huru mbele yake. Na Papa alipowahutubia wanafalaki mwaka uliofuata hakuirudia hoja ile. Mnururisho hafifu uliosalia tangu mwanzo huo ulitangazwa mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya kufa kwa Lemaître, na umri wa ulimwengu sasa hukadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Hilali

Kinondoni, upande wa pili wa jiji, yapo makao ya Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ambako Mufti hutangaza kuandama kwa mwezi. Wanafalaki hujua kwa dakika mwezi unapokutana na jua, na kwamba muda wa kutoka mkutano hadi mkutano ni, kwa wastani, siku 29, saa 12 na dakika 44. Hata hivyo Idi huweza kuswaliwa kwa siku mbili, kwa kuwa wako wanaofuata mwandamo wa nchi yao na wako wanaofuata mwezi uonekanao popote. Hitilafu hiyo si ya fizikia. Hesabu husema mwezi uko wapi; ni fikihi inayosema ni kuonekana kupi kunakomwajibisha mja. Nao mwezi huo mwandamo ndio uletao bamvua katika mkondo wa Kurasini, ambako nahodha hutweka kwa kujaa kwa maji, awe wa madhehebu gani.

Hukumu

Mwaka 1979 tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa watu watatu kwa kuunganisha nguvu mbili za maumbile katika kanuni moja. Mmoja alikuwa Abdus Salam wa Pakistani, wa jumuiya ya Ahmadiyya, aliyesoma aya za Suratul-Mulk katika karamu ya tuzo, na ambaye mwaka 1964 alikuwa amekwishaanzisha huko Trieste, Italia, kituo kilichowafaa wanafizikia wengi wa Afrika. Mwingine alikuwa Steven Weinberg wa Marekani, ambaye hakuamini dini yoyote. Wa tatu Sheldon Glashow. Milinganyo ya Salam na ya Weinberg ilikuwa ileile, na itikadi zao zilitengana kama mashariki na magharibi. Basi fizikia mpya haifai kuitwa shahidi wa dini wala mshitaki wake, na mwanafunzi atakaye kuijua aiendee maabarani na katika hesabu, kama vile atakaye kuijua dini awaendeavyo maulamaa wake.