Kimbunga Kilichohamisha Karafuu

Kila ninapomsikia mtu akisema Pemba ndiyo nchi ya karafuu, huwa namuuliza: tangu lini? Katikati ya karne ya 19 karafuu ilikuwa zaidi mali ya Unguja. Mambo yalianza kugeuka Jumatatu moja, tarehe 15 Aprili 1872.

Siku hiyo kimbunga kiliupiga mji wa Zanzibar. Bandarini, meli na majahazi yalizama au yakatupwa pwani, zikiwemo meli za Sultani Barghash bin Said, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili kitini. Meli ya mvuke ya Kiingereza, Abydos, ilisalimika. Ng'ambo ya mlango wa bahari, Bagamoyo, misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu nayo ilibomolewa. Shambani ndiko kulikoumia zaidi: inakadiriwa kwamba theluthi mbili hivi za mikarafuu na minazi ya Unguja zilianguka.

Wazee walikuwa na haki ya kushangaa. Vimbunga huzunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka na kuupindisha upepo, na nguvu hiyo hupungua kadiri unavyokaribia ikweta. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini, kwa hiyo vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida huiachia na kuishia Madagaska au Msumbiji. Kwa kawaida, lakini si daima: Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mafia ikafikiwa na Hidaya mwaka 2024.

Upepo peke yake, hata hivyo, haueleza kwa nini siku moja ilitosha kuutikisa usultani mzima. Baba yake Barghash, Seyyid Said, ndiye aliyeisukuma Unguja kwenye karafuu, hadi kuwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Utajiri wa kisiwa ukaning'inizwa kwenye mti mmoja, unaochukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, na unaochumwa kwa mikono ya watumwa. Hilo kwangu ndilo chanzo cha pili cha maafa, na halikutoka baharini.

Pemba iliponea chupuchupu. Kabla ya hapo karafuu zilikuwa zimezidi sokoni na bei imelala. Sasa bei ikapanda, na mwenye mti uliosimama akawa tajiri. Watu wakakimbilia kupanda Pemba. Shamba jipya lilihitaji watu wa kufyeka, kupanda na kupalilia, na wakati ule, katika hesabu za wenye mashamba, watu maana yake ni watumwa.

Wakati huo huo, Januari 1873, Sir Bartle Frere akawasili kutoka Uingereza kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Barghash alikataa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa hasara ya kimbunga: nchi imeangushwa, iweje inyang'anywe na mikono ya kuijenga upya? Ni hoja ya kweli kiuchumi na ya kutisha kiutu. Alitishiwa kufungiwa bandari na meli za kivita, akasaini tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Mkataba ulizuia kuwasafirisha watumwa baharini. Haukuwaacha huru waliokuwa mashambani tayari. Taarifa za wageni wa wakati ule nilizozisoma zinazungumzia zaidi meli na miti kuliko hao waliolala kwenye vibanda vya shambani siku ya upepo. Hata wapya waliendelea kuletwa. Kwa kuwa bahari ililindwa, misafara ikatembezwa kwa miguu kutoka Kilwa, ikifuata pwani ya Mrima kuelekea kaskazini, hadi karibu na Pangani. Kutoka huko Pemba si mbali. Waliobaki hai walivushwa usiku, wakapelekwa kwenye miche ya mikarafuu.