Msimu wa Leicester City 2015–16

Huu ndio msimu ambao Leicester City ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa mara ya kwanza, mwaka mmoja tu baada ya kuponea chupuchupu kushuka daraja. Chini ya kocha Mwitaliano Claudio Ranieri, ilivuna pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal iliyoshika nafasi ya pili, ikipoteza mechi 3 tu. Mbili, ajabu, kwa Arsenal hiyohiyo. Mshambuliaji wake Jamie Vardy alicheka na nyavu katika mechi 11 mfululizo na kumaliza na mabao 24. Taji lilipatikana Mei 2, 2016, Chelsea ilipoibana Tottenham, timu pekee iliyokuwa bado inaweza kuifikia Leicester, 2–2, wachezaji wa Leicester wakiwa mbele ya televisheni nyumbani kwa Vardy. Kombe walikabidhiwa Mei 7, baada ya kuichapa Everton 3–1.