Makofi Si Ushahidi wa Uvumbuzi

Jambo likishafanyika kila mtu huliona jepesi. Ndiyo sababu majaji hupata taabu wanapoulizwa kama kitu fulani kilistahili hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasimwige, au kilikuwa dhahiri kwa fundi yeyote wa kazi hiyo.

Tutazame kufungua simu kwa kutelezesha kidole kwenye kioo. Kampuni ya Apple iliwasilisha ombi la kwanza la hataza ya njia hiyo huko Marekani mwaka 2005, na hataza iliyogombewa baadaye mahakamani huko ilitolewa mwaka 2011. Lakini kabla ya ombi hilo, kampuni ya Neonode ya Sweden ilikwisha kutoa simu ya N1, iliyofunguliwa kwa kupitisha kidole kuelekea kulia. Ilichokosa ni picha inayosogea pamoja na kidole. Nayo picha ya namna hiyo ilikwisha kuelezwa na watafiti mwaka 1992, kwa ajili ya swichi za kioo cha ukutani.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitamka kuwa jambo hilo lilikuwa dhahiri. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya Ujerumani nayo ikaibatilisha hataza hiyo nchini humo.

Marekani mambo yalikwenda kombo. Mwaka 2014 baraza la wazee wa mahakama liliiamuru Samsung iilipe Apple dola milioni 119.6 kwa hataza tatu, hii ikiwamo. Februari 2016 majaji watatu wa rufaa wakaifuta hukumu. Oktoba, mahakama nzima ya rufaa ikairudisha, majaji 8 kwa 3. Miongoni mwa ushahidi uliopimwa ni shangwe za ukumbini mwaka 2007, Steve Jobs alipoifungua iPhone mara ya kwanza.

Wanaoitetea Apple huuliza: kama vipande vyote vilikuwapo, mbona hawakuviunganisha wengine? Swali hilo lina uzito. Lakini kwa maoni yangu, makofi huonyesha kuwa kitu kimependwa, si kwamba kilikuwa kigumu kubuni. Hataza ikitolewa kwa sababu ya shangwe, fundi mdogo atafungiwa njia aliyoikuta wazi.

Na tusisahau: Septemba 2016, mwezi mmoja kabla ya ushindi huo, Apple yenyewe iliachana na mtindo huo katika programu mpya ya simu zake.